Robo Kilo ya Barde Lawan

Saa tatu asubuhi, mhunzi Inuwa Shekarau anabingirisha gunia la ngozi uani kwake, mjini Kano. Ndani mna mchanga mkavu, pumba za mtama na deraya, vazi la kivita la pete za chuma, ya Barde Lawan, mpanda farasi wa emir. Mchanga unakwangua kutu.

Barde mwenyewe ameketi mkekani, hatua mbili tu, macho hayabanduki. Adhuhuri wanakwenda kuswali pamoja.

"Tangulia, Mallam," Barde anasema. "Mimi nyuma yako panantosha."

Inuwa, mwenye miaka hamsini na tisa, amezoea. Deraya hizi ni za urithi, na kila mwenye nayo anaamini wahunzi huchomoa pete wakauza.

"Hata mke wangu hanilindi hivi," anasema akicheka.

Mwaka mzima hufua majembe. Wiki hizi za kabla ya gwaride la farasi la Idi ndipo hupata naira elfu ishirini kwa deraya moja. Familia sita humletea kazi. Moja ikimwita mwizi, zote zitahama.

Alasiri deraya inatoka iking'aa. Inarudishwa kwenye mizani ya muuza nyama jirani. Asubuhi ilikuwa kilo kumi na mbili kamili. Sasa robo haipo.

"Robo yangu iko wapi?"

"Ni kutu, Barde. Umekuja na chuma na kutu, unaondoka na chuma."

"Kutu robo kilo? Unanifanya mtoto?"

Wanarudi uani, Inuwa anamwaga chini mchanga wa guniani. Ulikuwa mweupe, sasa ni mwekundu. Barde anachovya kidole, anaonja, anatema. Hata mwandishi wa habari hii, kwa aibu, anajikuta akichungulia mikono ya kanzu ya fundi.

"Baba alikufa hajaitwa mwizi," Inuwa anasema. "Inaniuma."

Barde analipa, anafunga deraya kwenye pikipiki, kisha anarudi kuchukua mchanga. Wote. Anaazima hata ufagio.

"Nitauosha nyumbani. Nikiiona robo yangu humu, nitakuomba radhi mbele ya watu. Nisipoiona, mji mzima utasikia."

Pikipiki inaondoka ikiyumba kwa uzito. Inuwa anautazama ua wake uliofagiliwa safi, kisha anaeleza mpango wake wa mwakani.

"Kila mtu aje na mchanga wake. Apime mwenyewe, abingirishe mwenyewe. Mimi nitakaa mkekani, nimlinde."