Maji Yenye Risasi

Siku niliyorudi kijijini Kikwe na majibu ya maabara, nikamwambia mama mkwe kwamba maji ya mfereji wetu yana risasi, aliniuliza aliyepigwa ni nani. Alicheka mpaka akashika kiuno. Sikumlaumu. Kiswahili kimeipa jina moja ile ya bunduki na ile metali yenye sumu ya kwenye betri chakavu, na mimi ndiye niliyefanya kazi maabara mjini miaka mingi. Yeye alikuwa analima.

Betri zilipasuliwa na kuoshwa kwenye karakana moja huko juu yetu, maji yake yakashukia mferejini, mfereji ukaingia kwenye mchicha wetu. Mwenye karakana aliniambia kama maji hayanifai nichimbe kisima. Kwenye ofisi ya kijiji nilikopeleka barua ya malalamiko niliambiwa nisubiri. Maji hayakuambiwa yasubiri.

Basi nikachimba, ila si kisima. Niling'oa mchicha wote, na pale mfereji unapoingia shambani nikachimba bwawa refu lisilo na kina, nikatandika turubai, nikamwaga udongo na kokoto, nikapanda matete. Maji yapite polepole, risasi inaswe kwenye matope na mizizi. Wenzangu wanapalilia magugu, mimi nayapanda: walinicheka hadi kanisani. Niliposikia wanapaita bustani ya mwendawazimu, niliongeza safu nyingine. Baada ya miezi kadhaa nilipima tena. Maji yaliyotokea upande wa chini yalikuwa na risasi kidogo kuliko yaliyoingia, nami nikatembea kijijini kichwa juu.

Kisha kikaja kiangazi. Majani ya ng'ombe yakaisha kila mahali isipokuwa kwangu. Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe kando ya bwawa, ameshika mundu na kamba. Ng'ombe wake, ambaye ndiye anayewapa wanangu maziwa, alikuwa amebaki mbavu tupu.

"Shikamoo mama," nikasema, nikasimama kati yake na matete.

"Marahaba. Sogea nikate."

"Haya hayaliwi, mama. Risasi nyingine inapanda mpaka kwenye majani. Ng'ombe akila, itaingia kwenye maziwa, na maziwa wanakunywa wajukuu zako."

"Ng'ombe wangu anakufa, wewe unaninyima majani?"

"Nakunyima, mama."

Neno hilo halisemwi kwa mama mkwe. Nililirudia, maana mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Alikunja kamba yake akaondoka bila kuaga.

Nikachukua panga, nikaingia kwenye migomba yangu iliyo juu ya mfereji, ambayo haijawahi kuonja maji yale. Niliangusha minne, miwili ikiwa na mikungu michanga, na nililia kwa hasira huku nikikata. Nikaipasua vipande, nikabeba kichwani hadi bandani kwake, nikamwaga mbele ya ng'ombe. Kesho yake nilikata mingine, na keshokutwa pia. Mama mkwe hakusema asante hata siku moja, na mimi sikuomba msamaha.

Migomba ilipokaribia kuisha, jirani mmoja alikuja bwawani na mundu wake. Nilitoka jikoni mbio, lakini mama mkwe alikuwa ameshafika, amesimama palepale niliposimama mimi.

"Rudi na mundu wako," alikuwa anamwambia. "Haya yamepigwa risasi badala yetu."