Nyuzi za Mzee Nyoosha

Baba yangu alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mzee Nyoosha. Jina hilo alilipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kwa miaka thelathini na minne alikodi chumba kimoja kando ya barabara: mlango wa buluu, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, rafu tatu, kamba moja na pasi mbili. Pasi hizo alizigombeza zikichelewa kupata moto, utadhani zina masikio. Tena aliimba. Mungu anisamehe, Baba aliimba vibaya, hata kinyozi wa chumba cha jirani alinunua redio kubwa kwa ajili ya kujikinga.

Saa saba kamili alifunga mlango akaja kula na Mama, hata kama mteja amesimama nje anagonga. "Nguo itangoja, mke wangu hawezi," alimwambia mwalimu mkuu mbele za watu, na Mama akajifanya amekasirika siku nzima. Sisi watoto, kaka yangu na mimi, tulikwenda shule tumenyooshwa mpaka soksi. Ndiyo, soksi. Darasa zima lilinicheka, nikarudi nyumbani nimenuna. Kesho yake soksi zilipigwa pasi vilevile, ila safari hii aliniomba radhi kwanza. Kugomba kulimshinda kabisa. Alianza vizuri, akakunja uso, akainua kidole, halafu akasahau alichotaka kusema na kutuuliza kama tumekula.

Alifariki Jumanne mchana, nyumbani, kwenye kiti chake, akiwa ameshiba. Moyo ulisimama tu. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na bado ninamlilia ninapoosha vyombo peke yangu. Lakini leo nataka kusimulia habari ya nguo.

Wiki mbili baada ya mazishi, mwenye nyumba alitutumia ujumbe kwa adabu: chumba cha Baba kimepata mpangaji, fundi viatu, naye ataingia Jumamosi. Jumatano asubuhi Mama, kaka na mimi tukaenda kufungua. Kwenye rafu tukakuta nguo arobaini na tatu za wateja, zimenyooshwa, zimekunjwa, zinang'aa. Hazikuwa na jina hata moja. Ndani ya kila kola au kiuno palikuwa na kipande cha uzi wa rangi, kimefungwa mafundo.

Baba hakuandika majina. Alisema mtaani kuna akina mama saba wenye jina moja, sasa atawatofautisha vipi? Kila mteja alimpa uzi wake, na maana ya uzi huo alikaa nayo kichwani.

"Simkabidhi mtu ufunguo na nguo za watu zimo ndani," Mama alisema. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajagusa kitu. "Baba yenu hakupoteza hata leso. Tukirudisha arobaini na mbili, watu wataikumbuka ile moja. Sitaki jina lake liishie hapo."

Kaka anafundisha hesabu. Alikunja mikono ya shati na kutuambia hilo ni jambo la mpangilio tu. Akageuza kalenda ya ukutani, akachora jedwali nyuma yake: nyekundu wanawake, buluu wanaume, kijani watu wa ofisini, na mafundo ni siku ambazo nguo imekaa.

"Kaka, mbona suruali hii ina uzi mwekundu?" nikamuuliza.

Akaiinua juu. "Itakuwa ya mwanamke mrefu."

Nilijua tumekwisha. Lakini nani wa kumzuia mwalimu mwenye jedwali? Alibeba mafungu akaanza kugawa. Mwenye duka la dawa, ambaye mke wake ni mrefu na yeye mwenyewe ni mwembamba mpaka unamwonea huruma, alipelekewa suruali ya muuza nyama. Ni mtu mstaarabu. Aliingia nayo ndani, akaijaribu, akatoka ameishikilia kiunoni kwa mikono miwili. "Mwalimu, nashukuru sana," alisema, "lakini humu tunaenea mimi na mke wangu, na nafasi inabaki."

Nyumbani kwa mwalimu mkuu, ambaye ndiye bosi wake, kaka alikabidhi gauni la kulalia lenye maua. Mke wa mwalimu mkuu alilipokea mlangoni, akalipima kwa macho, akaita ndani kwa sauti ya taratibu sana: "Baba watoto, hebu njoo unieleze kitu." Kaka alirudi kwetu mbio, jasho linamtiririka, gauni kwapani. Mama aliangalia pembeni, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba.

Aliyetuokoa ni mama muuza mboga wa kona ya pili. Alikuja mwenyewe Alhamisi kuulizia mtandio wake, akaingiza mkono kwenye rafu na kuchomoa uzi wa zambarau bila kusita.

"Umejuaje?" tukamuuliza sote.

"Nitaacha kuujua uzi wangu? Nguo ya kwanza kumletea baba yenu ilikuwa gauni la zambarau, nakwenda nalo kwenye harusi ya mdogo wangu. Tangu siku hiyo hata nikileta shuka jeupe, mimi ni zambarau." Akatuonyesha mafundo. "Na hawa ni watu wa nyumbani kwangu. Nikijifungua tu, yeye keshaongeza. Mimi, mume wangu, na watoto wanne: sita."

Kaka akahesabu haraka, maana huko ndiko anakojiweza. "Lakini mume wako, mama, si alitangulia zamani?"

"Alitangulia. Nikamwambia Mzee Nyoosha apunguze fundo moja. Akaniambia yeye alifundishwa kufunga, kufungua hajui." Alijifuta macho kwa ule mtandio, kisha akatulaumu sisi kwa kuwa umekunjika.

Basi kaka akachana jedwali lake, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba na swali moja: nguo ya kwanza uliyomletea Baba ilikuwa ya rangi gani? Hakuna aliyejibu kwa neno moja. Muuza nyama alileta shati jekundu akidhani madoa ya kazi hayataonekana, na Baba akamwambia amdanganye mwingine. Dereva mmoja mstaafu alileta sare ya kijani asubuhi ya siku ya kuombea kazi, kifungo kimoja hakipo, na Baba akakata kifungo cha shati alilovaa yeye mwenyewe akamshonea. "Nilipata kazi ile," dereva alituambia, "na yeye alishinda kifua wazi mpaka jioni." Tulikunywa chai nyumba kumi na tisa kwa siku mbili. Nilikuwa nikitoka kila mlango nimevimba kwa fahari.

Jumamosi asubuhi nguo arobaini na mbili zilikuwa zimeshafika kwao. Fundi viatu alikuwa amekaa nje juu ya sanduku lake la zana, anajifanya hana haraka. Juu ya rafu lilibaki gauni moja la kahawia lenye uzi wa njano. Tulikuwa tumeuliza mtaa mzima, na hakuna mtu wa njano.

Mama alilichukua, akaligeuza kola, akakaa kwenye stuli ya Baba.

"Hili langu," alisema. "Nilimpa alitoe doa wiki ile ile aliyotutoka. Hata nilishalisahau."

"Lakini nguo zako alikuwa anazipiga pasi nyumbani," kaka akasema. "Una uzi wewe?"

"Nilikuwa mteja kabla sijawa mama yenu. Nilileta gauni la njano. Akaniambia njoo kesho. Nikaja, njoo kesho. Siku tatu ananipiga kalenda! Ya nne nikamwambia, kama shida yako ni kuniona, si useme? Akasema." Alicheka, akaupitisha uzi kati ya vidole. "Kumbe rangi yangu hakumpa mtu."

Akaanza kuhesabu mafundo kwa sauti. "Baba yenu. Mimi. Wewe, mkeo, binti yenu." Akanigeukia. "Wewe na mumeo. Saba." Kidole chake kikasimama. "Hili la nane la nani?"

Kaka akainama kuhakikisha. Yalikuwa manane.

Jumatatu, siku moja kabla hajafa, nilipita pale dukani kumweleza Baba jambo ambalo Mama hakulijua. Nimeolewa mwaka wa sita, mimba mbili zimeharibika, na ya tatu niliogopa hata kuitaja. Nilimnong'oneza yeye peke yake. Akaacha pasi, akanishika uso kwa mikono yake ya moto, akaapa kwamba mdomo wake hautafunguka mpaka nimruhusu. Haukufunguka. Nilipotoka tu, alichukua gauni la Mama na uzi wa njano.

Mama alikuwa ananitazama. Nikaweka mkono tumboni.

"Mwezi wa ngapi?" akaniuliza polepole.

"Wa tatu, Mama."

Alinivuta nikapiga magoti mbele ya stuli, akanikumbatia, gauni katikati yetu, machozi yake yananidondokea shingoni.

"Huyu mzee," alisema huku akicheka, "siri za mtaa mzima amezitunza miaka yote. Hii ya mjukuu hata siku moja imemshinda."