Mjomba Huo-wang na Mayai ya Bata Weupe

Mjomba wangu, Chien Huo-wang, hutotolesha bata huko Zhuangwei, kwenye tambarare ya Yilan, mahali ambapo ukitoka mlangoni unakanyaga maji kabla hujakanyaga ardhi. Wafugaji wa jirani humletea mayai, naye huyapanga katika mashine yake ya kuatamia, kabati la mbao na bati linalokaribia kugusa dari. Baada ya kama mwezi mmoja, wenyewe huja kuchukua vifaranga vyao. Ana miaka hamsini na saba. Hajaoa, anaishi na mama yake, yaani bibi yangu, na kila asubuhi hunywa kahawa baridi ya mkebe akiwa amesimama, kama mtu anayeogopa kuachwa na treni.

Kiangazi kilichopita, mayai yaliyojaza trei za juu hayakuwa ya wateja. Yalikuwa yake mwenyewe.

Baba yake, babu yangu, alikuwa na kundi la bata weupe alilolichagua kizazi baada ya kizazi: wapole, wataga sana, wenye mayai ya rangi ya samawati iliyofifia. Babu alipofariki, Mjomba alilirithi. Kisha ukaja mwaka wa mafua ya ndege. Ugonjwa uliingia bandani na maofisa wakaja wamevaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Mjomba aliwafungulia lango kwa mkono wake mwenyewe. Hakubishana nao, kwa sababu alielewa kwamba bata wake wakiachwa, wangeambukiza wa tarafa nzima. Lakini Bibi anasema siku ile alifagia banda tupu mpaka ufagio ukaisha njiti.

Baadaye ilikumbukwa kwamba rafiki yake wa jeshini, anayeishi Hualien, aliwahi kupewa bata wachache wa kundi lile kama zawadi ya harusi. Walikuwa bado hai, ingawa walikuwa wazee na karibu kuacha kutaga. Mjomba alipanda treni, akakusanya mayai yote yaliyopatikana, akarudi nayo mapajani, yamefungwa kwa taulo ndani ya kikapu. Alikataa kukiweka kikapu juu ya rafu. Alikataa hata kwenda msalani.

"Yakifa haya," aliniambia siku aliponipokea stesheni, "bata wa babu yako watakuwa wamebaki kwenye picha tu."

Mimi nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya elektroniki kule Hsinchu na nilikuwa nasubiri kuanza kazi. Nilitamani sana kuwa na manufaa. Nilikuja na vipimajoto viwili vidogo nilivyoviunga mwenyewe, vyenye uwezo wa kutuma kiwango cha joto kwenye simu. Kimoja nilikiweka trei ya kati, kingine trei ya chini, mahali penye nafasi. Mjomba alifurahi kama mtoto. Alikuwa akitazama simu kwenye kibanda cha tambi, akiitazama hekaluni, akiitazama aliposimamishwa na taa nyekundu barabarani.

"A-han, umemletea mjomba wako mchumba," Bibi alinitania. "Miaka yote hii namtafutia mke, kumbe alikuwa anataka nyuzi thelathini na saba na nusu!"

"Mama, angalau huyu hanigombezi."

"Subiri betri iishe."

Juu ya mashine, pembeni ya tundu la hewa, kulikuwa na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi zenye ladha ya nazi. Kwetu hili si jambo la ajabu. Utaikuta pakiti hiyo juu ya mitambo ya benki, kwenye vyumba vya kompyuta, hata nyuma ya kaunta za maduka, kwa sababu jina lake lina maana ya "tulia, uwe mtoto mwema." Lazima iwe ya kijani, kama taa inayosema mambo ni salama. Lazima isiwe imepitwa na tarehe. Na haiguswi na meno ya mtu. Mjomba aliichukua desturi hiyo Taoyuan, alikofanya kazi ujanani katika kiwanda cha vipuri vya televisheni. Msimamizi wao alikuwa akibadilisha pakiti ya kila mtambo kabla ya tarehe kufika, na siku hiyohiyo mtambo ulifunguliwa na kupanguswa. Mjomba alirudi nyumbani babu alipougua, na desturi akarudi nayo.

Mimi niliiona kama mapambo. Katika chuo chetu pia tuliiweka maabara, tukicheka, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuiondoa.

Ikafika siku ya kuwalisha ndugu wema katika mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, siku ambayo mizimu isiyo na jamaa, tunayoiita hivyo kwa heshima, hutandikiwa meza nje ya kila nyumba. Bibi alipanga matunda, tambi za pakiti, soda na vitafunio vya kila aina, akachoma udi na kuwakaribisha kwa sauti ya mwenye nyumba asiyetaka maneno. Mchana, baada ya meza kuondolewa, Mjomba aliingia chumba cha mashine kugeuza mayai kwa mpini ulio ubavuni mwa kabati. Mara nikasikia kelele.

"Mama! Mama!"

"Nani kafa?" Bibi aliitikia kutoka jikoni.

"Pakiti iko wapi?"

"Pakiti ipi?"

"Ya kijani! Iliyokuwa juu ya mashine!"

"Ah, ile. Niliishusha kwa fimbo, nikawapa ndugu wema."

Mjomba alitoka akiwa ameshika pakiti ya manjano kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya. "Na hii?"

"Meza ilikuwa na pengo. Wao wana njaa, mashine haina mdomo. Lakini sikuiacha mashine yako uchi, nikatundika hiyo kwenye kitasa badala yake. Ni yaleyale, ila ina mchuzi wa bizari."

"Manjano, Mama! Ya bizari! Unajua wanakoweka ya manjano? Kaunta za benki, waombe dhahabu! Kwenye mashine haiwekwi! Na mle ndani mna bata wa baba!"

"Usinipigie kelele, mimi ndiye niliyekunyonyesha."

Nilicheka. Nilidhani ni wajibu wangu kama msomi kuwapatanisha. "Mjomba, mashine haijui rangi. Tazama simu yako, joto liko sawasawa."

Aliitazama simu. Kweli, lilikuwa sawasawa. Akashusha pumzi, akauliza kwa sauti ya upole zaidi, "Basi iko wapi sasa, Mama? Ndugu wema wameshashiba, niirudishe."

"Nimeila na chai."

"Umeila!"

"Sikuifurahia, kama ni faraja kwako. Ilikuwa imelainika kama pamba. Unawapa mizimu vitu vya kuchacha, halafu unashangaa huna mke."

Mjomba aliiacha pakiti ya manjano ianguke. Niliona uso wake ukibadilika. Aliokota karatasi ya kijani kwenye ndoo ya taka, akaigeuza, akasoma tarehe. Ilikuwa imepita wiki mbili nyuma, siku chache baada ya mimi kufika.

"Sijapanda juu," alisema polepole. "Tangu vipimajoto vyako vije, A-han, sijapanda hata mara moja."

Ndipo nilipoelewa kwamba kila alipokuwa akibadilisha pakiti, alipanda ngazi, na akiwa huko juu alisafisha wavu wa feni. Hakuwahi kuliandika jambo hilo popote wala kumwambia mtu. Kwake, kubadilisha pakiti na kusafisha wavu lilikuwa tendo moja. Simu ilipoanza kumwambia kila saa kwamba mambo ni mazuri, tarehe ya pakiti ilimtoka akilini, na ngazi ikabaki imeegemea ukuta.

Aliipanda sasa akiwa hajavaa hata viatu. Wavu ulikuwa umezibwa na vinyoya vya vifaranga wa wateja waliototolewa kabla, vimeshikana na vumbi hadi vikawa kama kipande cha blanketi. Hewa haikuzunguka. Alifungua mlango wa kabati, akaingiza mkono trei ya juu, akautoa haraka.

"Pa moto!"

Nilichomoa kipimajoto cha trei ya kati nikampa. Akakiweka juu. Tulisubiri wote watatu tukiitazama simu, na namba ikaanza kupanda bila haya. Mayai ya bata yakikaribia kuanguliwa huzalisha joto lake yenyewe. Pale juu, bila upepo, yalikuwa yakipikana. Vipimajoto vyangu havikuwa vimesema uongo. Vilisema kweli ya mahali vilipokuwa, na mimi ndiye niliyeamini kwamba kweli hiyo imeenea kabati zima.

Kazi iliyofuata tuliifanya bila kuulizana. Mjomba alizitoa trei za juu moja baada ya nyingine, nikazipanga juu ya meza iliyotoka kulisha mizimu, Bibi akayanyunyizia mayai maji ya uvuguvugu kwa chupa yake ya kupigia pasi. Mjomba alibandua lile blanketi la vinyoya, akapangusa mapanga ya feni. Feni ilipoanza kuvuma vizuri, nilitambua kwamba tangu nifike sikuwahi kuusikia mvumo wake halisi.

Mayai yalipopoa, tukafunga mapazia ya chumba cha mashine ili tuyamulike. Mjomba alishika tochi, akaliweka yai la kwanza juu ya mwanga. Ndani kulikuwa na kivuli kizito, na pembeni mishipa myembamba kama mizizi ya mpunga. Kivuli hakikusogea. Alingoja, kisha akaliweka upande wa kushoto.

"Huyu hayupo."

La pili nalo akaliweka kushoto.

"Huyu hayupo."

Nilimwona akipangusa kidole kwenye suruali kabla ya kushika la tatu. Alilishika kwa muda mrefu. Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, akaegemea mbele.

"Usimwondoe. Mmulikie tena. Mtoto akiamshwa ghafla hujifanya amelala."

Kivuli kikajikunyata, kikajinyosha.

"Huyu yupo," alisema Mjomba.

"Si nilikwambia?"

"Huyu yupo. Huyu yupo. Huyu... yupo."

Niliwahi kuona vitu vingi vya ajabu kwenye skrini za maabara, mawimbi ya umeme yanayopita upesi kuliko fikra. Hakuna kilichonishika kama vile vivuli vilivyokuwa vikisogea ndani ya maganda ya samawati, kwa mwanga wa tochi ya dukani. Tulipomaliza, upande wa kushoto ulikuwa na mayai mengi kuliko tulivyotaka, lakini wa kulia ulikuwa na mengi zaidi.

Bibi alichukua baiskeli yake bila kutuaga, akarudi na pakiti mpya ya kijani. Alinipa niisome tarehe, maana hakuwa na miwani. Nikaisoma. Nikaisoma tena bila kuambiwa. Kisha mimi mwenyewe nikapanda ngazi, nikaiweka mahali pake, na kwa kuwa nilikuwa huko juu, nikautazama wavu. Nadhani sasa ninaelewa jambo ambalo darasani halikutajwa: mashine haihitaji bisi, ila mtu huhitaji sababu ya kupanda ngazi wakati kila kitu kinaonekana kiko salama. Vipimajoto sikuviondoa. Niliunga vingine, nikaviweka juu, chini na kila pembe, na Mjomba bado anavitazama kwenye simu, ila huvitazama kama mtu anayemsikiliza jirani, si kama anayesikiliza hukumu.

Katika siku zilizobaki alilala mchana kwenye kiti karibu na kabati. Tulikula wali na mboga tukiwa tumesimama. Halafu asubuhi moja aliniita kwa kidole. Alikuwa ameweka yai sikioni, amefumba macho.

"Sikiliza."

Nililiweka sikioni. Ndani, kabla ufa wowote haujaonekana kwenye ganda, kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, wa mtu anayedai kitu.

"Analalamika," nilisema.

"Bata wa baba wote walikuwa walalamishi," alisema Mjomba. "Bibi yako anasema walimwiga yeye."

"Nimesikia!" Bibi alipaza sauti kutoka jikoni.

Hadi adhuhuri maganda yalikuwa yakipasuka trei nzima. Vifaranga walitoka wamelowa, wabaya wa sura, shingo zimelegea. Kufikia alasiri walikuwa wamekauka, wakawa manjano, wakipandana migongoni na kupiga kelele hata tukawa hatusikilizani. Wengine hawakutoka. Mjomba aliwatenga wale waliofia njiani, akawafunika kwa gazeti, akarudi kwa walio hai. Hakuwahesabu mbele yetu. Aliwashika mmoja mmoja, akawatazama miguu na midomo, akawaweka chini ya taa ya joto.

Bibi alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi. "Basi? Ni kundi, au si kundi?"

Mjomba aliwatazama tena chini ya taa.

"Ni dogo," alisema. "Lakini ni kundi."

Kisha akatoka nje. Nilidhani ameenda kunywa kahawa yake. Nilipomfuata nilimkuta nyuma ya banda, kwenye bwawa lililokauka tangu mwaka ule wa ugonjwa, akikata magugu kwa jembe, shati limelowa mgongoni. Vifaranga wangehitaji wiki kadhaa kabla ya kuweza kuogelea. Nilimwambia hivyo.

"Najua," alisema. "Kashike lango la mfereji upande ule. Lina kutu, livute kwa nguvu."

Nililivuta. Maji yakaingia, ya kahawia na yenye povu, yakisukuma nyasi kavu mbele yake, na Mjomba akarudi nyuma hatua kwa hatua akiendelea kulima, mpaka maji yakamfika miguuni.