Mkungu Mmoja Mbele ya Mkaguzi

Mkaguzi wa kodi aliupima mkungu mzima wa ndizi kwenye mzani wa jikoni kwangu, akagawanya uzito wake kwa uzito wa sahani moja ya chakula, akalinganisha na risiti zangu, kisha akatangaza kwamba mgahawa wangu wa Hamugembe unaficha nusu ya mauzo. Nilipandwa na hasira. Mimi, ninayetoa risiti hata kwa mteja asiyeitaka!

Mhasibu wangu, kijana mpole kupita kiasi, akaninong'oneza, "Mama, hasira zako zipeleke kwenye kisu. Menya."

Nikazimenya ndizi zote za mkungu ule uliotoka Kishanda, mkaguzi akiangalia. Maganda yakajaa beseni na kumwagika. Mhasibu akayapima pamoja na shina la mkungu, akauliza taratibu, "Na haya, afisa, aliyala mteja gani?"

Mkaguzi akarudia hesabu yake palepale, na mauzo niliyodaiwa kuficha yakafutika yote.

Ndizi zilipoiva na maharage, akaomba sahani. Nilimjazia vizuri. Alipolipa, nikabonyeza mashine, nikamkabidhi risiti yake mbele ya wateja.

"Itunze," nikamwambia. "Wakaguzi huwa wanapita."