Kitako cha mkono wa kushoto: nilivyojiundia bunduki badala ya kununua

Wakuu, salamu kutoka Hässelby, huku Uswidi. Haya yote yalinitokea kweli, hata yale ya kunichekesha mwenyewe.

Nimekana miaka mingi, lakini mimi ni wa mkono wa kushoto. Bibi alinizoesha kula, kusalimia na kuandika kwa mkono wa kulia, nami nikaapa mbele ya kila mtu kwamba ndivyo nilivyozaliwa.

Bunduki ndiyo iliyoniumbua: kila nikiishika, inakwenda yenyewe bega la kushoto.

Ilikuwa miaka ya 2000. Huku hata mwalimu kama mimi anaweza kufanya mtihani wa uwindaji na kupata kibali. Gunilla, mwenzangu kazini, ndiye kiongozi wa kikundi cha kuwinda älg, mnyama mkubwa kama farasi mwenye pembe kama koleo. Akaniahidi nafasi msimu wa Oktoba, ila kwanza nifaulu kwenye uwanja wa shabaha.

Bunduki za dukani zote zilikuwa za watu wa kulia, tena warefu. Ya kushoto mpaka iagizwe. Nikaweka oda, kisha kiburi cha msomi kikanipanda: kwa nini nisijiundie?

Msiogope. Vyuma vilifungwa na fundi mwenye leseni, vibali vyote vipo. Mimi nilichonga kitako tu, ile mbao inayokaa begani, kwenye karakana ya mtaani.

Baba Neema alinitazama nikipiga msasa. "Mama Neema, si tulikuja Ulaya kununua vitu vilivyokwisha tengenezwa?"

Binti yetu akaongeza kwa Kiswidi kwamba mama hana akili timamu.

Nilijipima Julai, nimevaa fulana. Kitako kilinikaa kama nimezaliwa nacho!

Septemba, uwanjani, nimevaa koti zito la kuwindia. Kila nikiinua bunduki, kitako kinakwama kwapani. Sikugusa shabaha hata moja.

"Kwani ulijipima ukiwa uchi?" Gunilla akauliza. "Rudi Jumamosi. Ukishindwa, mwaka huu utatupikia kahawa."

Nikaingia karakanani na koti langu, nikatokwa jasho kama niko Tanga, nikakipunguza kitako urefu.

Jumamosi nikalenga kwa kushoto, bila aibu. Nikafaulu.

Somo: kama mwili wako ni wa saizi ya dukani, nunua ukalale. Kama sivyo, unda, ila jipime na nguo za kazi yenyewe. Nyie mngefanyaje? Nichekeni, lakini na hoja mlete.

Jumatatu yake simu ikalia. Mwenye duka: "Ile ya kushoto imefika. Unakuja lini?"

Baba Neema akanikodolea macho.

"Mpe mwingine," nikasema. Simu nimeishika kwa mkono wa kushoto. Bibi anisamehe.