Mgeni Aliyeletwa na Lori

Binti yangu ana watoto wake sasa, anaishi ng'ambo, mbali. Hunipigia simu Jumapili, ananiuliza kama nimemeza dawa za presha. Nasema nimemeza. Basi, tumemaliza. Shule niliishia darasa la tatu. Chochote nilicho nacho nilikipata kwenye usukani, na usukani haumfundishi mtu maneno ya kumwambia mwanawe. Afadhali niandike.

Ni siku moja tu, mwaka wa tisini na mbili. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya mpaka wa Gatuna, kaskazini, malori yote yakawa yanazungukia mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam. Naondoka wiki tatu, nne, narudi siku mbili, naondoka tena. Tulikaa Gatsata, juu ya magereji, nyumba niliyoijenga kwa mikono hii. Sikumwomba mtu hata msumari. Kila nikirudi, kabla sijaingia uwanja wa tajiri wangu bondeni, napiga honi mara tatu ili mke wangu ateleke maji ya kuoga. Madereva wote tulifanya hivyo. Naye alitoka nje na mtoto mgongoni, akamwonyesha bondeni kwa kidole: "Baba huyo! Baba amekuja!"

Siku ninayoisema lori lilikuwa gereji, springi zimevunjika, na alfajiri ya kesho yake ilikuwa safari. Mke wangu alikwenda Kimironko kumsaidia dada yake aliyejifungua. Akaniachia mtoto, hajafika miaka mitatu, na uji wa mtama ndani ya chupa ya chai.

"Utamweza?"

"Mimi nateremsha tani thelathini mlimani, nishindwe na hiki kitoto?"

Nikashindwa. Mtoto alikaa kizingitini, kanipa mgongo, anatazama barabara. Uji hataki.

"Njoo kwa Baba."

Akanigeukia, akanitazama kama polisi anavyotazama karatasi zilizopitwa na muda. "Wewe si Baba."

"Mimi nani?"

"Mgeni."

"Na Baba yuko wapi?"

Akanyoosha kidole bondeni. "Iko kule. Kubwa. Iko na taa."

Ndipo nilipoelewa. Mtoto wangu alijua kwamba baba ni lori. Huyu mwanamume anayelala siku mbili akaondoka ni mgeni tu, analetwa na Baba. Na lori lenyewe hata si langu, ni la tajiri!

Nyuma ya ua wa miti ya miyenzi, mama jirani alikuwa amesikia yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shoferi! Muonyeshe perimi ya udereva, labda ataamini!"

"Wewe mama, chungu chako kinaungua."

"Kiungue! Hii siikosi!"

Mama yule hakuvuka mwaka wa tisini na nne, wala watu wa nyumba yake. Kicheko chake nakiweka hapa kwa sababu hakubaki wa kwao wa kukikumbuka.

Nilikasirika, sifichi. Nikawaza kumpeleka mtoto gereji aone kwamba kile ni chuma. Lakini lori lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, tumbo wazi. Ningemwonyesha maiti ya baba yake.

Nikavuta kigoda. Nikashika ungo kama usukani, mchi wa kinu nikaufanya gia, nikawasha injini kwa mdomo. Gia ya kwanza, hakugeuka. Ya pili, akageuza kichwa. Ya tatu, akasimama. Nilipopiga honi akaja mbio, akapanda mapajani mwangu, akashika ungo kwa mikono miwili.

Tukafika Rusumo. "Forodha wanataka ushuru," nikamwambia. "Kijiko kimoja."

Akafungua mdomo, akalipa. Kahama akalipa, Nzega akalipa. Kabla ya Singida uji ulikuwa umekwisha, na mimi koo limenikauka kwa kunguruma.

"Shoferi, twende!" ananiamuru. Neno alilisikia kwa jirani. Haya, kutoka mgeni hadi shoferi, nimepanda cheo. Lakini mimi nililitaka lile jingine. Nililitaka kabla ya alfajiri, kwa sababu nikirudi baada ya wiki nne nitakuwa mgeni upya.

Mchana mvua ikapiga bati. Tukalala kwenye mkeka, yeye juu ya kifua changu, mdomo wazi, ananuka uji. Nimebeba chumvi, saruji, mabomba, maisha yangu yote ni kubeba. Ukiniuliza leo natamani nini, natamani uzito ule. Haukufika hata nusu gunia. Wiki zangu nilimpa tajiri, naye jina langu alishalisahau. Huyu anayeniuliza dawa Jumapili nilimpa siku mbili mbili.

Mvua ilipopungua nikasikia mlango. Mke wangu ameingia, kalowa, anaanza, "Ungo wangu unafanya nini chini? Na huo mchi..."

Mtoto alikuwa ameshaamka, amekaa wima juu ya tumbo langu.

"Mama, nyamaza," akasema. "Baba amelala."

Sikuwa nimelala. Mkono ulikuwa umekufa ganzi na mkojo umenibana vibaya. Nikafumba macho zaidi, nikaanza kukoroma.