Ros Thirkettle na ndege asiyejulikana kama ameondoka

Saa mbili asubuhi, jua la Januari limeinuka kidogo tu juu ya mashamba ya Sedge Drove, na Ros Thirkettle amesimama juu ya tuta la Mto Ouse, huku Uingereza, akiwasubiri watu wake wamalize kufunga buti. Nyasi zimeganda kwa jalidi na zinavunjika chini ya nyayo. Upande mmoja ni mto. Upande wa pili ni malisho yaliyofurika, na juu ya maji hayo batamaji waliokimbia baridi kali ya kaskazini wanapiga kelele.

"Twende polepole na tuongee kidogo," anawaambia. "Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, amalize."

Watu wanacheka. Ros anatabasamu kidogo, kisha anageuza kichwa, sikio la kulia mbele, halafu la kushoto. Ukimtazama haraka utadhani anatafuta ndege. Ukweli ni kwamba anajipima, na amekuwa akijipima hivyo tangu Krismasi.

Ana miaka sitini na miwili. Zamani alipakia karoti kiwandani, mpaka shirika la hifadhi likamwajiri kuongoza matembezi ya majira ya baridi, kwa ujira ambao, kwa maneno yake, unatosha mafuta ya gari na samaki wa Ijumaa. Lakini kazi yake hasa ni ya masika, baridi inapoisha na majani kuchipua. Ndipo anapotembea peke yake malishoni alfajiri, akisikiliza nani anaimba na nani hayupo, kisha anaripoti.

Kuna ndege huku ambaye karibu haonekani. Ros na wenzake humwita ndege-panzi. Ni mdogo, ana rangi ya majani makavu, na hujificha ndani ya nyasi kama mtu anayekwepa wadai. Hutajua yupo ila kwa mlio wake, mwembamba na mrefu, mithili ya cherehani inayozungushwa bila kitambaa.

Masika iliyopita Ros hakumsikia hata mmoja, akaripoti hivyo. Shirika likaona kwamba kama ndege hayupo hakuna haja ya kuyalinda majani yake. Malisho makubwa yatafunguliwa kwa ng'ombe mwezi Machi badala ya Julai. Ng'ombe wakishaingia mapema kiasi hicho, majani hayatafika hata magotini, na ndege anayetaga chini hatakuwa na pa kuficha kiota.

"Silali vizuri," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kutembea naye, tukiwa mbele ya wengine kidogo. "Najiuliza, ni ndege walioondoka au ni masikio yangu? Kama ni masikio, basi mimi ndiye niliyewafungulia ng'ombe mlango."

Hajamwambia mtu. Wapenda ndege wa huku ni watu wapole, watakugawia chai yao ya mwisho, ila kosa moja hawalisahau: kudai umemwona au kumsikia ndege ambaye hukumwona wala kumsikia. Mtu wa namna hiyo husimuliwa kwenye baa mpaka siku ya mazishi yake. Ros anaogopa kwamba akikiri, ripoti zake zote zitatiliwa shaka.

Tunatembea. Kipanga anapita chini chini juu ya matete na bata wote wanaruka kwa pamoja. Ros ndiye aliyemwona kwanza, kabla ya mtu yeyote kuinua darubini. Macho yake hayana tatizo, na kwa muda mfupi anaonekana kusahau wasiwasi wake.

Kwenye kichaka cha miiba kando ya mlango wa maji, Daiva anasimama. Ni mwanamke wa Lithuania, anafanya kazi katika kiwanda kile kile cha karoti, na haya ndiyo matembezi yake ya kwanza.

"Dada Ros, ni nini kinalia humu? Kasauti kembamba kweli, kama gurudumu la kigari cha mtoto."

"Matawi hayo," Ros anajibu haraka. "Yanasuguana."

Hakuna upepo hata kidogo. Kisha ndege mdogo kama kidole gumba anachomoka miibani, utosini ana utepe wa dhahabu, anawatazama wote na kurudi ndani.

"Loo! Siku hizi matawi yana mabawa," anasema Clive Ablett, mgawa barua mstaafu ambaye hakosi matembezi haya.

Kicheko kinapasuka. Ros naye anacheka, lakini uso umemwiva, na hatua zake zinakuwa ndefu kiasi kwamba kundi linabaki nyuma.

Tunapumzika kwenye kibanda cha mbao. Zinatoka chupa za chai na keki ya tangawizi. Clive anakuja na kikombe chake, anasimama karibu na Ros na kutazama juu.

"Hao, wale ndege wa kwapa jekundu wanapita. Umewasikia?"

"Nimewasikia," anasema Ros. "Wanaelekea mtoni."

Clive anashusha kikombe. "Ros, hakuna aliyepita. Nimetunga."

Nilitamani nisiwe nimesimama pale. Ros alimgeukia yule mzee.

"Una roho mbaya wewe, Clive Ablett."

"Labda. Lakini hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyesinzia kanisani. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda, bibie. Ndege-panzi mimi sijamsikia tangu nilipoacha kugawa barua."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniacha nyumbani."

"Ningekuacha, ndiyo! Mzigo wewe." Akapangusa pua kwa glavu. "Na mimi sasa nani ataniacha nyumbani?"

Hakusubiri jibu. Alitoka, akapanda juu ya tuta ambako simu hushika mtandao, na akampigia meneja wa hifadhi, Hugh. Hakuniomba nisogee, na hali ilikuwa shwari kiasi cha kusikia pande zote mbili.

"Hugh, usifungue malisho."

"Habari ya asubuhi na wewe. Kuna nini?"

"Ile ripoti yangu ya masika. Nilisema hawapo. Sijui kama hawapo. Nimeanza kutosikia."

"Tangu lini?"

"Hilo ndilo linalonitia hofu. Sijui tangu lini."

"Ros, mwenye ng'ombe ameshaambiwa Machi. Atanirukia."

"Mwambie mimi ndiye niliyekosea. Nirukiwe mimi."

"Unaelewa unachosema? Kazi ya masika siwezi kumpa mtu asiyesikia."

"Naelewa. Wewe ngoja mpaka mwisho wa Mei, nipeleke mtu mwenye masikio."

Hugh akakubali kungoja. Kuhusu kazi hakuahidi chochote, na Ros hakuuliza mara ya pili.

Aliporudi kibandani alikwenda moja kwa moja kwa Daiva.

"Zamu ya asubuhi unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi. Nimezoea."

"Kuna ndege anaimba kama cherehani inayozungushwa bila kushona kitu. Unaweza..."

"Usiku kucha? Kwenye nyasi ndefu?" Daiva alicheka. "Kwetu kijijini alikuwepo! Sisi tulidhani ni mdudu. Bibi yangu alikuwa anamtupia viatu dirishani."

"Huku usimtupie kitu," alisema Ros, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona akicheka kwa moyo wake.

Wiki ijayo atakwenda kupimwa masikio. Amesikia kwamba kifaa kitamsaidia kuelewa maneno ya watu. Kama kitamrudishia milio ya ndege, hajui, na anaogopa kuuliza. Mpango mwingine ni wa mwisho wa Aprili, ndege-panzi wanapowasili kutoka Afrika. Alfajiri, Daiva atatangulia kwenye nyasi bila kusema neno. Akisikia cherehani, atainua mkono. Ros atakuwa nyuma yake.

"Asipoinua, ripoti yangu ilikuwa sahihi na jina langu litabaki safi," anasema. "Akiinua, maana yake mwaka jana nilipita karibu naye, akiimba, nikaenda kuandika kwamba hayupo. Basi hapo kazi imekwisha."

Namuuliza anaomba lipi kati ya hayo mawili. Anayatazama malisho, maji bado yamefunika kila kitu.

"Ainue," anasema. "Mungu wangu, ainue."